Jina Nililolikwangua kwa Wembe

Siku moja ya Sikukuu naikumbuka, mwanangu, na naikumbuka kwa vidole kuliko kwa kichwa. Mpaka leo nikishika wembe wa kunyolea ndevu, kidole gumba changu kinaingiwa na wasiwasi, kama kinaniuliza: leo unakwangua nini tena? Kaa nikusimulie. Na ukiniona nanyanyuka katikati ya maneno, naenda dirishani na kurudi, usinijali. Mwalimu wangu wa darasa la sita alisema kiti changu kina siafu. Mwaka ule ule nilimwachia kiti chake, na shule nikaiacha.

Kilichonitoa darasani ni santuri. Palikuwa na fundi mmoja Mkunazini, Mzee Mbarouk, aliyetengeneza redio na mashine za kupigia santuri. Duka lake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nilitumwa mafuta ya taa, nikapita pale, nikasikia sauti ya mwanamke wa Kimarekani, Mweusi, inatoka kwenye spika iliyopasuka. Sikuelewa hata neno moja. Lakini alikuwa analia na kucheka kwa pumzi ile ile, na ngoma ilikuwa inamfuata nyuma kama mtu anayembembeleza arudi nyumbani. Nikasimama. Mafuta ya taa hayakufika kwetu siku ile, na bakora nilizokula sizihesabu.

Ndiyo iliyokuwa soul, muziki wa Wamarekani Weusi. Kisiwa kizima kina taarabu yake, na wakubwa wana rumba yao, lakini sisi vijana wachache wa mjini tulishikwa na nyimbo zile kama mtu anayeshikwa na homa. Zilikuja kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande wa pili. Mabaharia walizileta, na watu waliorudi kutoka Mombasa na Ulaya. Na kwetu sifa ya santuri haikuwa uzuri wake tu. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mwenzako hana. Ukiwa na wimbo ambao hakuna mwingine anao Unguja nzima, ulitembea barabarani kama umevaa kanzu mpya siku ya kawaida.

Nilipofika miaka ishirini na miwili nilikuwa dijei. Waliniita Pweza, kwa kuwa nilibadilisha santuri upesi kama mtu mwenye mikono minane. Kazi yetu kubwa ilikuwa disko toto, zile disko za watoto za mchana siku za Sikukuu. Tulikodi ukumbi Amani, tukapanga spika, na baada ya sala ya alasiri watoto wakaja na nguo zao mpya, peremende midomoni. Nyuma yao wakaja vijana wakubwa, wakijidai wamewasindikiza wadogo zao, kumbe wamefuata muziki.

Mpinzani wangu alikuwa Sudi, kijana wa Michenzani. Sudi alikuwa na macho ya kunguru. Akija mezani kwangu kunisalimu, macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye ile karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri, ambayo ndiyo yenye jina la wimbo na la mwimbaji. Santuri inazunguka mbio, na yeye anasoma! Wiki mbili baadaye utasikia kaandika barua Mombasa, kaletewa ileile.

"Yakhe Pweza," ataniambia, "wimbo wako ule nami ninao. Ila wangu haukwaruzi."

Nikaona dawa yake ni moja. Nikachukua wembe.

Usidhani ni kazi nyepesi, mwanangu. Karatasi ile haikubandikwa kwa gundi ukairowesha ikatoka. Imebanwa na moto pamoja na santuri yenyewe. Unaikwangua taratibu, nywele kwa nywele, na vumbi lake linakuingia puani, mpaka pabaki peupe penye manyoya manyoya. Nilikwangua santuri zangu zote kwa siku tatu. Ili nizitambue mwenyewe nikaiba rangi ya kucha ya dada yangu, nikazitia alama: hii nukta moja, hii nukta mbili, hii msalaba. Majina sikuyaandika popote. Nilijiambia ninayo kichwani. Kichwa changu, mwanangu! Kichwa kilichoshindwa kubaki darasani hadi la saba.

Miongoni mwao ilikuwamo moja niliyoipata kwenye boksi la Mzee Mbarouk. Nilikuwa nimemsaidia Shaabani nzima kuchomelea nyaya, na siku ya mwisho akanisukumia boksi kwa mguu, akasema, "Chukua hizi, zinanijazia duka." Mwanamke aliimba Kizungu ndani ya santuri ile, lakini jina la mwimbaji lililochapwa lilikuwa la Kiswahili, jina la kwetu kabisa. Nilishangaa kidogo. Kisha nikalikwangua nalo, nikatia nukta tatu nyekundu. Wiki moja baadaye ungeniuliza jina lile nisingeweza kukujibu. Lakini wimbo nilikuwa nao, na Sudi hakuwa nao, na duniani sikutaka zaidi.

Basi Sikukuu ikafika, Idi pili. Nikaitia nukta tatu kwenye mashine. Ukumbi wote ukanyamaza kidogo, namna watu wanavyonyamaza wanapopitiwa na harufu ya chakula. Yule mwanamke aliimba kwa upole wa ajabu, kama anamfunika mtoto shuka. Nikamwona Sudi anakuja kutoka mlangoni, shingo ndefu. Akainama, akatazama, akakuta peupe.

"Ala! Umeichuna?"

"Nimeitahiri," nikamwambia. Vijana wakacheka.

Wakati huohuo akaja mama mmoja mezani. Mrefu, kavaa buibui, kamshika mkono mtoto wa kike wa miaka kama kumi, na nyuma ya yule mtoto wapo wenzake watatu wanne. Mama alikuwa na pengo mbele, na alipocheka alifunika mdomo kwa mkono.

"Dijei, mwanangu," aliniuliza, "nani huyo anayeimba?"

Sudi amesimama pale, sikio limemsimama. Nikasema kwa sauti, ili asikie vizuri: "Mmarekani mmoja mweusi, Bi. Kafa zamani."

"Kafa?"

"Kafa."

"Kwa maradhi gani?"

"Ajali ya gari," nikasema, maana uwongo ukishauanza unataka kulishwa.

Yule mama akanitazama. Nilidhani amesikitika. "Innalillahi," akasema polepole. "Na mdogo vile." Yule mtoto akamvuta buibui, uso umemwiva kwa aibu mbele ya wenzake. "Unaona, mama? Unaona? Nilikwambia usiseme!" Na wale wenzake wakaangua kicheko, wakakimbia. Mama akaondoka nyuma ya mwanawe. Nami nikageuza santuri, nimemshinda Sudi, nimefurahi kama mfalme.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Miye nilijikwaa vyote viwili, na sikuhisi maumivu.

Maumivu yalikuja siku ya nne. Mashine yangu iliharibika mkono wa sindano, nikaipeleka kwa Mzee Mbarouk, na kumjaribishia nikatoa santuri ya juu kabisa, ndiyo ile. Akaishika, akaisogeza mbali na macho namna wazee wanavyofanya, akaisogeza karibu.

"Nani kaichuna hii?"

"Miye, mzee. Sudi alikuwa anasoma majina."

"Kwa hivyo ukaona bora asisome mtu yeyote." Akaiweka kwenye mashine yake, akaisikiliza mistari miwili. Akainyanyua sindano. "Hii umeipata wapi?"

"Kwenye boksi ulilonipa."

Mzee Mbarouk akakaa chini, juu ya redio ya watu. Sijawahi kumwona akikalia redio ya mtu. "La haula," akasema. "Nimegawa amana."

Ndipo aliponieleza. Aliyeimba ni Mwanajuma Pandu, binti wa Makunduchi. Alipokuwa msichana alipelekwa Mombasa kwa khaloo yake, dada wa mamaake, na huko akaimba na bendi ya hoteli. Kizungu hakukijua, walimkaririsha. Wakaenda Nairobi, wakarekodi santuri moja, moja tu. Kisha akarudishwa nyumbani kuolewa. Mume hakutaka kusikia habari za hoteli. Mwanajuma akaja dukani kwa Mbarouk na santuri ndani ya kanga, akasema: mzee, niwekee, nyumbani itavunjwa. Na mzee akamwekea miaka mingi, mpaka siku aliyochoka na vumbi akasukuma boksi kwa mguu.

Nilihisi baridi, mwanangu, na jua la Mkunazini lilikuwa la mchana. "Mzee," nikamwuliza, "huyo Bi ana pengo hapa mbele?"

"Tangu utotoni. Umemwona?"

Nilikuwa nimemwambia mtu usoni kwake kwamba amekufa kwa ajali ya gari.

Nikaazima Vespa ya jirani. Nikaenda Makunduchi, wakaniambia aliolewa Jambiani. Nikaenda Jambiani, wakaniambia yuko pwani. Maji yalikuwa yametoka, naye yuko mbali kule kwenye kamba za mwani, kainama, anafunga vipande kimoja kimoja. Nikavua viatu nikamfuata. Kabla sijaondoka mjini nilikuwa nimefanya jambo nililoliona la busara: nimechukua kalamu ya wino nikaandika pale peupe, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita, MWANAJUMA PANDU.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba." Akaninyanyulia macho, akanijua. Akafunika mdomo. "Dijei! Umekuja kunizika?"

Laiti angenitukana. Nikamwomba radhi pale kwenye matope, maneno yanakimbizana. Akasikiliza huku mikono yake inaendelea na kamba. Kisha akaniambia, bila hasira, na ndiyo iliyonimaliza: "Mume wangu kafa mwaka jana. Nikasema sasa nitakwenda mjini nikachukue kitu changu kwa Mbarouk, nimwonyeshe mwanangu. Nilishamsimulia, haniamini. Na atamwaminije mamaake aliyeimba Kizungu, na kwa Kizungu hata 'maji' siwezi kusema? Tukakuta duka limefungwa, Sikukuu. Tukapita Amani. Nikasikia sauti yangu. Nikamwambia mbele ya wenzake: sikiliza Tatu, huyo mie. Wakacheka. Nikasema ngojeni, tukamwulize dijei, yeye ndiye anayejua."

Nikampa santuri. Akaishika kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji ya chumvi, akaitazama ile kalamu yangu. Tatu, yule mtoto, alikuwa amekuja nyuma yetu na kikapu. Akachungulia. Akanyoosha mkono kwenye mfuko wangu wa shati, akachomoa kalamu bila kuomba ruhusa, akaigeuza santuri upande wa pili, na pale peupe akaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: TATU.

"Haya," akasema. "Na mie mwimbaji."

Mamaake hakumkemea. Alinirudishia santuri. "Umeona?" akaniambia. "Kalamu kila mtu anayo. Kanitafutie iliyochapwa. Hii kaa nayo mpaka hapo, usije ukaipoteza na sauti."

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nililijua. Lakini nilirudi kwa Mzee Mbarouk nikiwa kama kuku aliyekatwa kichwa, nazunguka duka lile ambalo halizungukiki. Nikamwambia, mzee, hata nikiipata nyingine, na ikiwa imeharibika haipigiki, nani atajua ni wimbo uleule? Majina ya upande wa pili nayo nimekwangua, wimbo wenyewe sijui unaitwaje. Akanishika bega akanitoa nje juani. Akaiinamisha santuri mpaka mwanga ukapita juu yake kama maji. "Tazama hapa," akasema, "kati ya mwisho wa wimbo na karatasi."

Palikuwa na maandishi madogo, yamekunwa ndani ya santuri yenyewe, si kwenye karatasi. Mia nne na kumi na saba, na herufi A.

"Kila santuri ina namba yake tangu kiwandani," akasema. "Na namba hiyohiyo huchapwa kwenye karatasi, chini ya jina. Wembe wako haukufika huku. Katafute karatasi yenye mia nne na kumi na saba." Kisha akaongeza, na maneno haya ndiyo urithi wangu kwake: "Na ukitafuta, taja unachokitafuta. Ukificha hata hilo, utazeeka njiani."

Kutangatanga kulikuwa kazi yangu tangu zamani, ila safari hii kulikuwa na namba ndani yake. Nikavuka Pemba. Nikavuka Mombasa, nikaitafuta ile hoteli, nikakuta imekuwa ghala la saruji. Nikapakua mizigo Lamu, nikapiga muziki kwenye harusi za Malindi, nikauza mitumba Dar es Salaam. Kila mji nilioufika niliuliza nyumba zenye wazee waliopenda kucheza dansi ujanani. Nilipekua maboksi stoo, chini ya vitanda, kwenye mabanda ya kuku. Nilipata santuri nyingi za ajabu, nyingine hata leo watu wanazililia, na nilizishika nikazitazama namba nikaziweka chini. Mtu aliyekuwa na njaa ya kila kitu akawa na njaa ya kitu kimoja. Hapo ndipo nilipokuwa mkusanyaji wa kweli. Na kila nilikokwenda nilitaja: namtafuta Mwanajuma Pandu, aliimba, ni wa Makunduchi. Mpaka madereva wa malori walinitania, "Mwanajuma kaonekana?" Mzee Mbarouk alifariki nikiwa Lamu. Sikumzika.

Mwaka wa kumi na nne nilikuwa Tanga, kwenye mkahawa wa mama mmoja karibu na stendi. Nimeagiza supu. Akaniwekea mbele bakuli la ndimu, jeusi, limepindapinda kingo zake kama ua. Nikachukua ndimu, nikakamua. Nikachukua ya pili. Na chini ya ile ndimu ya pili, mwanangu, kulikuwa na karatasi ya duara.

Siku zile kuna watu walizitia santuri kwenye maji ya moto zikalainika, wakazikandamiza juu ya sufuria, zikawa mabakuli ya mapambo. Nikamwaga ndimu zote mezani. Zikabingirika mpaka chini. Nikasugua kwa shati. Rangi ya kijani, herufi nyeupe: jina la wimbo, halafu Mwanajuma Pandu, halafu namba. Mia nne na kumi na saba, A.

"Wee baba una nini?" yule mama alipiga kelele. "Ndimu zangu!"

"Mama, nipe bakuli hili."

"Mtu mzima unagombania bakuli! Na ndimu nitatia kichwani kwako?"

Nikakimbia sokoni nikamnunulia bakuli jipya la bati, lenye maua. Alilipokea, akaniangalia nikitoka, na nilimsikia akiwaambia wateja, "Huyo jua limemwingia." Supu sikuinywa.

Nikavuka kurudi Unguja. Bi Mwanajuma alikuwa hai, alhamdulillahi, na Tatu alikuwa anasoma chuo kikuu pale Tunguu. Nilimfuata kwanza yeye. Nilimkuta nje ya darasa na vitabu mkononi, amekuwa mrefu kama mamaake. Nikamsalimu. Hakunikumbuka mpaka nilipotaja disko toto ya Amani. Uso ukambadilika.

"Weye ndiye uliyemuua mama," akasema.

"Ndiye. Nimekuja kumfufua."

Hakucheka. Lakini alipanda nyuma ya Vespa, kwa kuwa nilimwambia nitasema kitu kimoja tu, na nitakisema mbele ya Bi.

Kule Jambiani nikaviweka viwili mkekani. Santuri nzima isiyo na jina, na bakuli lenye jina lisiloweza kuimba. Nikasema, Tatu, soma namba hapa, kisha soma hapa. Akasoma ya kwenye karatasi ya bakuli. Akaichukua santuri, akaitoa mlangoni juani, akapitisha kidole. Ule mwandiko wake wa kitoto, TATU, bado ulikuwa upande wa pili, umefifia. Akakaa palepale mlangoni, ametugeuzia mgongo. Bi Mwanajuma aliendelea kuchambua mchele. Naapa aliendelea kuchambua mchele, ila mawe yalibaki na mchele ndio uliotupwa.

Nilikuwa na mashine ndogo ya betri. Nikaipiga.

Wimbo ulipokwisha Tatu alikuwa amegeuka. "Mama," akasema, "ulijua unaimba nini?"

"Nilikariri tu, mwanangu. Walinambia ni wimbo wa mapenzi. Mie nilijua ni mama anamlaza mwanawe, au bibi harusi anamkaribisha bwana. Nikauimba kwa huruma."

Tatu akapiga tena, na safari hii akawa anamfasiria, mstari kwa mstari. Mwanamke kamfungia mume mlango. Nguo zake kazitupa nje, mvua inanyesha. Mume anabisha hodi, naye anamwambia: nenda kwa huyo uliyetoka kwake, na ukipata homa akukande yeye. Bi Mwanajuma aliacha ungo. Akamtazama mwanawe, akanitazama mie, na akacheka, safari hii hakufunika mdomo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Loo! Na nilivyombembeleza! Yule Mzungu wa kurekodi alikuwa anapunga mikono, kumbe ananiambia nikasirike, na mie nnazidi kulainisha!" Akajifuta macho kwa kanga. "Piga tena, Tatu. Piga nisikie nnavyomfukuza mtu kwa adabu."

Waliipiga mara sita. Katikati ya mara ya nne Tatu alikuwa amekaa karibu na mamaake, begani kwake, na mama anaimba chini chini yale maneno aliyokuwa hayajui. Sikuambiwa nikae wala niondoke. Niliponyanyuka Tatu alinisindikiza mpaka penye Vespa.

"Nilimwonea mama aibu miaka yote hii," akasema. "Si kosa lake, na si langu peke yangu."

"Nisamehe."

"Nshakusikia. Kusamehe, njoo Ijumaa."

Nilikwenda Ijumaa. Na Ijumaa ya baada yake. Santuri na bakuli niliwaachia, na mimi mwenyewe sina nakala. Vijana wenye simu zao zinazotambua nyimbo wananijia, wanasema Mzee Pweza, tupigie ule wa Mwanajuma. Nawaambia sinao, una wenyewe.

Sasa sikiliza, mwanangu, kwa kuwa nimeshakaa, na sikai sana. Nakuona nawe unapiga muziki juu ya mapaa ya hoteli. Nakuona unafuta majina kwenye mafaili yako, unageuza kioo cha simu mwenzako asione, unatia sauti yako juu ya wimbo wa mtu ili uonekane ni wako. Wembe umebadilika tu umbo. Naujua utamu wa kuwa na kitu asichonacho mwenzako. Lakini mali ya bahili huliwa na wadudu, na siri ya dijei huliwa na sahau yake mwenyewe. Kabla ya kuupiga wimbo, mtaje aliyeuimba. Anayekuuliza jina mwambie ukweli, hata kama mpinzani wako amesimama hapo ametega sikio. Akilisikia, alisikie. Sudi alipata nyimbo zangu zote mwisho wa yote, na leo ni rafiki yangu, na sikupungukiwa kitu. Lile uliloficha kwa mtu mmoja huwezi kujua umelificha na kwa nani mwingine. Huenda mwenye jina ndiye aliyesimama mbele yako, amemshika mwanawe mkono, anangoja neno moja kutoka kwako. Na ukishakosea usijidanganye kwa kalamu ya wino. Inuka ukatafute, ukatangaze unachotafuta, hata ikila ujana wako. Wangu ulikuwa unaliwa na safari tangu hapo, basi afadhali ulipata pa kwenda.

Mungu akupe masikio yasiyochoka na mikono isiyofuta. Akukutanishe na wenye nyimbo wakiwa hai. Na siku jina lako litakapokuwa mdomoni mwa mtu mwingine, alitamke lote, bila kulimeza. Amina. Haya, nipe hiyo fimbo yangu, nataka kutembea kidogo.